Je, Wajua? Idadi Kwanza, Washtakiwa Baadaye

Kwa kawaida watu hukamatwa, kisha wakahesabiwa. Katika Umoja wa Kisovieti wa Joseph Stalin, mwaka 1937, hesabu ilitangulia. Tarehe 30 Julai mwaka huo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri waliojulikana kama NKVD, alitia saini amri namba 00447, na kesho yake viongozi wa juu wa chama wakaiidhinisha. Humo kila mkoa ulipangiwa idadi yake, kama wilaya inavyopangiwa lengo la magunia ya pamba. Mkoa wa Moscow ulipewa watu 5,000 wa kundi la kwanza na 30,000 wa kundi la pili. Kundi la kwanza maana yake kupigwa risasi. La pili, kambi ya kazi ngumu au jela, miaka minane hadi kumi. Kwa nchi nzima jumla ilikuwa 268,950, na kati yao 75,950 walikuwa wa kuuawa. Majina hayakuwemo. Hiyo ilikuwa kazi ya mikoa yenyewe.

Operesheni hiyo ilikuwa na bajeti pia: rubli milioni 75, na kati ya hizo milioni 25 zilitengwa kwa nauli ya reli. Mtu aliyepanga mauaji haya alikumbuka hadi tiketi.

Mikoa ilimaliza idadi yake upesi, ikaandika kuomba nyongeza, ikapewa, ikaomba tena. Amri ilipositishwa Novemba 1938, waliopigwa risasi kwa amri hiyo peke yake walizidi 380,000. Ukijumlisha na operesheni nyingine za miaka hiyo miwili, takwimu za NKVD wenyewe zinataja watu 681,692. Ni zaidi ya 900 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Mahakama je? Katika nyingi ya kesi hizo haikuwepo. Kila mkoa ulikuwa na kamati ya watu watatu: mkuu wa NKVD, katibu wa chama na mwendesha mashtaka. Waliketi na mafaili, mtuhumiwa hakuitwa, wakili hakuwepo, rufaa haikuwepo. Kwa Wapolandi, Wajerumani, Walatvia na wengine walioshukiwa kwa sababu ya asili yao tu, utaratibu ulikuwa mwepesi zaidi: muhtasari wa kila mtu uliandikwa kwa mistari michache, ukajalidiwa pamoja na mingine kuwa albamu, albamu ikapelekwa Moscow kusainiwa. Ikafika kiangazi cha 1938 mafaili zaidi ya 100,000 yamelundikana yakisubiri saini.

Je, wajua kwamba hata sensa ilikuwa na wafungwa wake? Januari 1937 serikali ilihesabu watu ikapata milioni 162. Stalin alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nchi inaongezeka kwa kasi, akitarajia karibu milioni 170 au zaidi. Pengo lile lilikuwa njaa ya 1932 na 1933, ambayo rasmi haikuwahi kutokea. Matokeo yakafutwa. Mkuu wa takwimu, Ivan Kraval, na Olimpiy Kvitkin aliyeongoza sensa, wakapigwa risasi. Sensa ikarudiwa 1939, na safari hii watu wakatimia milioni 170. Nani angethubutu kupata pungufu?

Jeshi halikupona. Nchi ilikuwa na mamarshali watano. Watatu hawakufika 1940. Mikhail Tukhachevsky, aliyekuwa na kipaji kuliko wote, aliuawa Juni 1937 baada ya kukiri ujasusi. Karatasi za ungamo lake zingalipo, na zilipochunguzwa miaka ya 1950 zilikutwa na madoa ya damu. Kamanda Konstantin Rokossovsky alikuwa na bahati. Alikaa kizuizini tangu 1937, akaachiwa 1940, na Juni 1945 ndiye aliyeongoza gwaride la ushindi katika Uwanja Mwekundu, juu ya farasi, mbele ya yule yule aliyemfunga.

Mwingine aliyepona ni mhandisi wa roketi Sergei Korolev. Alikamatwa Juni 1938, akapelekwa kuchimba dhahabu Kolyma, kaskazini-mashariki kabisa ya Siberia, ambako alipoteza meno yake mengi kwa kiseyeye. Baadaye alihamishiwa gereza la wahandisi, ambako wafungwa walichora ndege na injini chini ya ulinzi. Mwaka 1957 akarusha setilaiti ya Sputnik, na 1961 akampeleka Yuri Gagarin angani. Hata hapo jina lake lilikuwa siri ya serikali. Wananchi walilisoma gazetini alipofariki 1966.

Nikolai Vavilov hakupona, na kisa chake kinatugusa kwa karibu. Mtaalamu huyu wa mimea alizunguka dunia akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, akapokewa Addis Ababa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Haile Selassie, akaondoka na shehena ya ngano na shayiri za nyanda za juu. Hazina yake ya mbegu huko Leningrad ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Lakini Trofim Lysenko, mpinzani wa elimu ya jenetiki, ndiye aliyependwa na Stalin. Vavilov alikamatwa Agosti 1940. Alikufa Januari 1943 katika gereza la Saratov, kwa njaa. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta jinsi ya kulisha watu! Naye akiwa gerezani, wenzake huko Leningrad, mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani, walikuwa wanakufa njaa wakilinda magunia ya mpunga na nafaka wasiyaguse.

Wageni nao walinaswa. Lovett Fort-Whiteman, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Dallas, alikwenda Moscow kwa kuamini kwamba huko hakuna ubaguzi wa rangi. Alisoma katika chuo kikuu cha kikomunisti cha wafanyakazi wa Mashariki, chuo kilekile ambako Jomo Kenyatta alisoma miaka ya 1932 na 1933 kwa jina la James Joken. Kenyatta aliondoka mapema. Fort-Whiteman alibaki, na alipotaka kurudi kwao hakuruhusiwa. Alifia Kolyma Januari 1939. Kutoka Afrika Kusini walikuwepo wakomunisti watatu, Lazar Bach na ndugu wawili Maurice na Paul Richter. Ndugu hao walipigwa risasi 1938, na Bach akafia kambini.

Sasa tuje kwa waliobaki nyumbani, maana hapa ndipo karatasi zilipofanya ukatili wa aina yake. Mume akishachukuliwa usiku, mke alipanga foleni kwenye dirisha la gereza akiwa na pesa kidogo au furushi. Likipokelewa, mume yuko hai na yuko humo. Likikataliwa, aende gereza jingine, foleni nyingine. Siku moja huambiwa: amehukumiwa miaka kumi, bila haki ya kuandikiana barua. Wake wengi waliondoka wakianza kuhesabu miaka. Kumbe kwa kawaida kauli hiyo ilitolewa kwa mtu aliyekwisha kupigwa risasi.

Tena kuwa mke kulikuwa kosa lenyewe. Amri ya Agosti 1937 iliagiza wake wa "wasaliti" wafungwe miaka mitano hadi minane, watoto wadogo wapelekwe nyumba za yatima. Huko Kazakhstan, karibu na mji ambao leo ni Astana, palikuwa na kambi nzima ya wanawake wa namna hiyo.

Mshairi Anna Akhmatova alisimama kwenye foleni hizo mjini Leningrad miezi 17 kwa ajili ya mwanawe, Lev. Shairi alilolitunga juu ya foleni hizo hakuthubutu kuliweka nyumbani. Aliandika beti chache kwenye kipande cha karatasi, akampa rafiki yake Lydia Chukovskaya asome, huku akizungumza kwa sauti juu ya chai na hali ya hewa, kwa kuwa alishuku chumba kina masikio. Rafiki akishakariri, karatasi ilichomwa kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Kwa miaka mingi shairi hilo lilihifadhiwa vichwani mwa watu wachache tu.

Stalin alikufa 1953, na watu wakaanza kusafishwa majina. Uongo haukuisha. Mwaka 1955 maofisa waliagizwa kuziambia familia za waliopigwa risasi kwamba mtu wao alifia kambini kwa maradhi, na vyeti vikaandikwa tarehe za kubuni. Mwandishi Isaac Babel aliuawa 27 Januari 1940, lakini cheti alichopewa mjane wake kilisema 17 Machi 1941. Fidia ilipangwa kuwa mishahara miwili ya mwezi, kwa kiwango alichokuwa akilipwa marehemu siku aliyokamatwa.

Na Yezhov, mwenye saini ile ya kwanza? Alikamatwa 1939, akapigwa risasi Februari 1940, akafutwa hata kwenye picha aliyopigwa akitembea na Stalin kando ya mfereji. Mrithi wake, Lavrentiy Beria, aliuawa Desemba 1953. Walionunua ensaiklopidia kuu ya nchi walitumiwa kurasa mpya zenye habari za Bahari ya Bering, pamoja na maelekezo ya kukata kwa mkasi au wembe kurasa za Beria na kubandika hizo mahali pake.

Kazi ya kurudisha majina ilifanywa zaidi na shirika la kiraia liitwalo Memorial, lililokusanya orodha ya watu wapatao milioni tatu. Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Urusi iliamuru livunjwe. Mwaka uliofuata likawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, na siku ileile ya kutangazwa tuzo, 7 Oktoba 2022, mahakama moja ya Moscow iliamua kwamba ofisi zake zichukuliwe na serikali.