Karatasi Moja na Paa la Darasa



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza juu ya kazi isiyo na jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Ni kazi ya kufundisha misingi ya uhandisi katika shule za msingi kwa kutumia karatasi. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini katika taarifa zetu za elimu mnaona gundi, uzi na karatasi badala ya vifaa vya maabara. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye kosa letu wenyewe.

Tulikotoka

Hapo nyuma tulinunua masanduku ya vifaa vya kujifunzia sayansi, vizuri na vya bei kubwa. Tuliporudi kutembelea shule mojawapo, tulikuta sanduku limefungwa kwa kufuli, nakala ya orodha ikiwa imebandikwa juu yake. Walimu waliogopa kwamba kifaa kikivunjika watadaiwa. Hatukuweza kuwalaumu. Tulikuwa tumewapa kitu ambacho mtoto hawezi kuruhusiwa kukivunja, wakati kazi ya mhandisi ni kujua kitu kitavunjikia wapi kabla watu hawajapita juu yake. Karatasi inaruhusu kuvunja, kuchunguza na kuanza upya bila mtu kudaiwa.

Masomo yanavyokwenda

Somo la kwanza ni daraja. Mwalimu hupanga vitabu mafungu mawili yaliyoachana sentimita 20, kisha hulaza karatasi moja ya A4 juu yake. Karatasi hiyo hulegea, na sarafu chache tu huiangusha. Halafu watoto huikunja karatasi ileile kwa migongo kama ya bati. Sasa inabeba sarafu nyingi, na mara nyingi hata daftari. Karatasi hiyo ina uzito wa gramu 5 tu na hakuna kilichoongezwa isipokuwa umbo. Hapo mwalimu hueleza kanuni. Boriti ikiongezwa upana mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 2, lakini ikiongezwa kina mara mbili, ukinzani huo huongezeka mara 8. Ndiyo maana fundi husimamisha mbao ya mbili kwa nne kwa upande wake mrefu, wala hailazi.

Somo la pili ni nguzo. Karatasi huviringishwa kuwa bomba, hubandikwa kwa gundi ya uji wa muhogo, kisha vitabu hupangwa juu yake kimoja kimoja. Watoto hupiga makofi wanapoona inavyobeba. Baadaye hulinganisha bomba fupi na bomba refu lenye unene uleule. Lile refu hupinda pembeni mapema. Nguzo nyembamba ikiongezwa urefu mara mbili, mzigo inaoweza kuubeba bila kupinda hushuka hadi robo. Mtoto aliyeliona hilo anaelewa kwa nini mirunda mirefu kwenye jengo hufungiwa vipande vya kukatisha katikati.

Somo la tatu ni pembetatu. Vipande vya boksi huunganishwa kwa miiba au pini. Umbo la pande nne ukilisukuma hulala upande, bali pembetatu haibadiliki. Ukiongeza kipande kimoja cha mshazari kwenye lile la pande nne, nalo husimama imara.

Kenchi za magazeti

Katika kigango kimoja tulikuwa tukijenga darasa. Fedha zilipopungua, ilipendekezwa kwamba mbao za mshazari zipunguzwe kwenye kenchi. Sisi ofisini tulikubali, kwa kuwa hesabu ilikaa vizuri. Wakati huohuo wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakijenga kenchi ndogo kwa magazeti yaliyoviringishwa. Walipotazama paa linaloinuliwa, walimwomba mwalimu wawaonyeshe wanakamati kazi yao.

Walileta kenchi mbili, moja kamili na nyingine iliyopunguzwa kama ile ya darasani. Walining'iniza chupa kwenye kila moja na kuijaza maji taratibu. Ile pungufu ilipinda na kujinyonga chupa ikiwa haijafika nusu. Ile kamili iliishikilia chupa iliyojaa. Fundi alicheka, kisha akanyamaza. Mbao zilirudishwa, nasi tukaahirisha plasta. Hatudai kwamba paa lile lingeanguka, maana karatasi si mbao na majaribio ya watoto si hesabu za mhandisi. Lakini tumeona mapaa yakiezuliwa na upepo, na wanaokaa chini ya paa lile ni watoto hao hao.

Karatasi si mchezo tu

Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1995 mjini Kobe, Japani, msanifu majengo Shigeru Ban pamoja na wajitoleaji waliijengea parokia ya Takatori jengo la ibada lenye nguzo 58 za mabomba ya karatasi ngumu. Lilitumika kwa miaka 10. Mwaka 1999 huko Byumba, Rwanda, mabomba kama hayo yalijaribiwa kwa vibanda vya wakimbizi, kwa sababu miti ilikuwa ikikatwa sana na mabomba ya alumini yaliyotolewa kabla yaliuzwa. Mwaka 2014 Ban alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo.

Tunayoyaomba

Karatasi haichukui nafasi ya maabara. Umeme na kemia vinahitaji vifaa vyake, na tutaendelea kuviomba. Kwa sasa tunaziomba kamati za parokia mambo matatu. Kwanza, kusanyeni kalenda za zamani, magazeti, maboksi na mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, mvifikishe shuleni vikiwa vikavu. Pili, mwalikeni fundi wa parokia darasani mara moja kwa muhula, aeleze kenchi na lenta kwa maneno yake. Tatu, mnapotembelea darasa, angalieni nani ameshika mkasi. Tumekuta makundi ambayo wavulana wanajenga na wasichana wanaandika tu. Sasa tunaelekeza kazi zizunguke, ili kila mtoto ajenge na kila mtoto apime.

Kwenu wafadhili, asanteni kwa kutuuliza. Tunawaomba msipime kazi hii kwa idadi ya vifaa vilivyopo kabatini. Ulizeni wanafunzi wamejenga nini muhula huu, kilivunjikia wapi, na walikirekebishaje.