Nasaha kwa Aliyepatwa na Kiharusi

Mtu aliyezoea kushuka duarani alfajiri na kupanda jua likichwa, huko kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu au Mgusu mkoani Geita, ambaye heshima yake mbele ya watu hupimwa kwa nguvu za mkono wake, apatwapo na kiharusi, upande wa kuume ukapooza na ulimi ukawa mzito, huondokewa na mambo mawili kwa pamoja: mwili wake na cheo chake nyumbani. Tabibu humwandikia dawa na kumwelekeza mazoezi ya viungo. Bali lile la pili halina kidonge, na hapo ndipo nasaha inapokuwa faradhi.

Wala maradhi haya si nadra kwetu. Utafiti wa 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ulionyesha kwamba katika kila watu 100,000 hupatwa na kiharusi kwa mwaka watu 109 wilayani Hai na 316 jijini Dar es Salaam. Hata hivyo jamaa wengi, wamwonapo mzima wa jana amelala leo mdomo umepinda, hudhani ni jini au husuda. Na mnasihi mwenye busara hawatahayarishi, bali huwaeleza taratibu kwamba ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, aghalabu kwa presha iliyokaa kimya miaka mingi, na kwa sababu hiyo dawa yake humezwa kila siku, hata siku ambayo mwili hauna lalamiko.

Kisha huja huzuni. Takribani theluthi moja ya walionusurika huingiwa na sonona, nao nyumbani huitwa wakaidi. Mnasihi huwafahamisha mke na ndugu kwamba kimya cha mgonjwa si kiburi wala si kuharibikiwa akili: aliyepotewa na maneno aweza kufahamu mengi asemeshwayo, na pengine salamu, hesabu na nyimbo za utotoni zimembakia ulimini. Basi asubuhi aamkiwe kwa Kisukuma, “Mwangaluka”, angojwe, wala asisemewe. Huenda jawabu likatoka lenyewe, hata kabla hajaweza kutaja jina la mwanawe.

Kanda ya Ziwa si mgeni wa nasaha ya namna hii. Ulipobainika ukimwi Kagera mwaka 1983, tulikuja kujifunza kwa machungu kwamba, kabla hata dawa hazijapatikana, neno jema la mtu aliyefunzwa lilimsimamisha mgonjwa, na “ushauri nasaha” ukaingia katika lugha ya kila zahanati. Elimu ile ingalipo. Yastahili, tangu hospitali ya Bugando jijini Mwanza hadi hospitali za Shinyanga na Geita na zahanati za machimboni, mgonjwa wa kiharusi naye apewe kiti kile kile mbele ya mnasihi, ili arudipo kwake asirudi na fimbo na karatasi ya dawa tu, bali akute watu wanaojua namna ya kumngoja.