Alhaji Akirudi Singida

Nauli ya Makka, kwa Mwislamu wa Singida, mara nyingi hutoka shambani: magunia ya alizeti na vitunguu, ng'ombe wawili watatu, na kudunduliza kwa miaka. Ndiyo maana siku ya kumuaga huwa kubwa. Majirani huja kuombana naye radhi, na wengine humwachia majina ya wagonjwa na marehemu wao akayaombee dua Arafa.

Siku hizi anaweza kupanda basi hadi Dodoma, akachukua treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024, kisha ndege kutoka Dar es Salaam.

Mwanamume akihirimia huvua kila kinachomtambulisha. Hubaki na shuka mbili nyeupe zisizoshonwa na kandambili. Mwaka 2024 mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8, na pale Arafa waziri na mchunga mbuzi husimama kwenye jua lile lile. Lakini wakiwa mjini Makka, mifuko huwatenganisha tena: aliyelipa zaidi hulala hoteli inayotazama Msikiti Mtukufu, chini ya mnara wa saa wenye urefu wa mita 601, na mwenye fungu dogo hupangiwa nyumba ya mbali.

Kisha hujaji hurudi nyumbani, na jina hubadilika. Mwanamume ni Alhaji, mwanamke ni Hajati. Rais wa pili wa Tanzania, Alhaj Ali Hassan Mwinyi, aliitwa hivyo mpaka alipofariki Februari 29, 2024.

Qurani, katika Sura Al Imran aya ya 97, imeiwajibisha Hija kwa mwenye uwezo wa kuifikia, bila kumpa cheo. Wala hakuna anayeitwa kwa swala zake tano au kwa funga ya Ramadhani. Nguzo ya Uislamu iliyozaa jina la heshima ni hii inayohitaji pasipoti na nauli, na hapo wanaoswali miaka yote bila uwezo wa kusafiri wanastahili kukumbukwa.

Hata hivyo, cheo hicho humbana mwenyewe. Chukua mnunuzi wa vitunguu anayetaka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kufungwa kilemba juu, jambo ambalo sheria ya vipimo inakataza na ambalo limewaumiza wakulima wengi. Asiye na jina atabishana, aondoke. Akiwa ni Alhaji, mkulima atamkumbusha mbele za watu alikotoka, na soko zima litamtazama mpaka mizani iletwe.