Lubumbashi: Je, dawa ya chupa inaweza kuponya jointi ya kulasi inayovuja?

Dereva wa teksi anayefanya safari ya Lubumbashi na Likasi, kilomita kama 120, anazijua dalili hizo. Mshale wa joto unapanda, moshi mweupe unatoka nyuma, na maji ya radiateri yanapungua kila siku bila tone kuonekana chini ya gari. Mekanisiani akiangalia, mara nyingi anasema jointi ya kulasi imeungua. Hapo ndipo anatokea mtu wa kushauri njia fupi: nunua chupa ya dawa ya kuziba, imwage ndani ya radiateri, endelea na kazi.

Kwa mwenye gari, jambo hili linagusa bukari ya nyumbani. Kufungua kulasi kunaweza kuchukua siku kadhaa bila versement. Chupa inachukua saa moja tu. Lakini je, inaponya kweli?

Jointi hiyo, ambayo Tanzania na Kenya wanaiita gasketi, ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloki ya injini na kulasi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, mafuta ya injini na maji ya kupoza. Ikitoboka mahali, viwili kati ya hivyo vinaanza kuchanganyika.

Dawa nyingi za chupa zina silikati ya sodiamu, kemikali inayoyeyuka ndani ya maji. Nyingine huongezwa nyuzi au chembe za shaba. Inapopita kwenye ufa wenye joto kali, maji yake yanakauka na inabaki ganda gumu kama kioo. Ganda hilo linaweza kweli kuziba tundu dogo. Kwa hiyo si uongo mtupu.

Shida iko kwenye presha. Kifuniko cha radiateri ya gari ndogo huanza kuachia presha inapofika karibu bari 1. Ndani ya silinda, injini ikiwa na mzigo, mlipuko wa petroli unaweza kupita bari 50, na katika injini ya dizeli ni zaidi ya hapo. Ganda linaloweza kuzuia maji si lazima liweze kuzuia moto wa namna hiyo, mara elfu kadhaa kila dakika. Ndiyo sababu gari inaweza kutembea vizuri wiki moja, kisha ikachemka tena ikipanda mlima na abiria.

Kuna pia sababu iliyounguza jointi. Mara nyingi injini ilichemka kwanza kwa sababu ya radiateri iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au termostati iliyokwama. Kulasi ya aluminiamu ikichemka sana inapinda. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, zile zinazoingia kwa wingi kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, kupinda kunakokubaliwa ni milimita 0.05 tu, chini ya unene wa karatasi ya daftari. Hakuna dawa inayonyoosha chuma.

Hatari kubwa zaidi ni pale maji yanapoingia kwenye mafuta. Ukitoa kijiti cha kupimia mafuta ukaona kitu cheupe kama maziwa mazito, dawa isitiwe kabisa, kwa sababu nayo itapita njia hiyo hiyo hadi kwenye mafuta. Mwaka 2009, serikali ya Marekani iliwalipa raia waachane na magari ya zamani, na injini hizo zilipaswa kuuawa zisirudi barabarani. Mafuta yalimwagwa, ikatiwa silikati ya sodiamu, injini ikawashwa mpaka ikakwama. Ni kemikali ile ile.

Hata inapobaki kwenye maji, dawa inaweza kuziba mirija myembamba ya radiateri. Baadhi yake huganda ikikutana na maji ya rangi ya kupoza, ndiyo maana maandishi ya chupa hudai mfumo uoshwe kwanza. Anayeruka hatua hiyo anaweza kubaki na magonjwa mawili: jointi iliyoungua na radiateri iliyojaa tope.

Kabla ya kununua chochote, vipimo vichache vinasaidia. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, na tazama kama mapovu yanatoka bila kukoma. Mipira ya maji ikikakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, ni dalili ya gesi ya silinda. Garaji yenye vifaa inaweza kupima kompresheni, au kutumia kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moshi ndani ya radiateri. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto. Maji yanaruka na kuunguza uso.

Kwa mafundi, chupa ina nafasi moja ndogo: uvujaji mdogo wa maji, mafuta yakiwa safi, injini ikiwa na nguvu zake, na lengo likiwa kufikisha gari garajini au kusubiri pesa kwa siku chache. Kama injini inatetemeka ikiwashwa asubuhi, inakosa nguvu, inatoa mapovu mengi au mafuta yamegeuka maziwa, kulasi inapaswa kufunguliwa. Kuendelea kuendesha kunaweza kujaza maji kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, bieli inapinda.

Kazi ikifanywa, ifanywe kamili: kulasi ipimwe na isawazishwe, jointi iwe mpya, na boliti zikazwe kwa mpangilio wa mtengenezaji. Zile zinazovutika zibadilishwe. Kisha sababu ya kuchemka itafutwe kabla gari haijarudi kwenye barabara ya Likasi, la sivyo jointi mpya nayo itaungua.