Video Fupi Zinazojirudia

Video fupi inayojirudia hurudi mwanzo yenyewe kila inapofika mwisho, bila mtazamaji kugusa kitufe. Mzizi wake ni GIF, aina ya faili la picha iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987. GIF haina sauti, na kila picha yake hubeba rangi zisizozidi 256. Mwaka 1995 kivinjari cha Netscape kiliiwezesha kujirudia bila kikomo.

Vine ndiyo iliyougeuza mtindo huo kuwa sanaa. Programu hiyo, iliyonunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kuzinduliwa Januari 2013, iliruhusu sekunde 6 tu, na sauti ikiwemo. Ufinyu huo ulikuwa na faida: mchekeshaji alikosa nafasi ya utangulizi, ikambidi aingie moja kwa moja kwenye kichekesho. Waliobobea walilinganisha picha ya mwisho na ya kwanza hata kiungo kisionekane. Video ya mpira unaodunda, kwa mfano, hukatwa pale unaporudi ulipoanzia. Hapo ndipo ufundi ulipo, wala si kwenye kamera ya bei mbaya.

Instagram ilijibu Juni 2013 kwa video za sekunde 15. Vine ilifungwa Januari 2017, na TikTok ikaendeleza kurudia huko kwa muda mrefu zaidi na muziki wa kuchagua.

Kwa anayetangaza biashara, kitendo kimoja kinatosha: chapati ikigeuzwa, kitenge kikikunjuliwa. Bei na namba ya simu ziandikwe ndani ya video yenyewe, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.