Madigadi ya Ndani ya Tairi la Nyuma: Chagua Vizuri, Funga Vizuri

Vijana wenzangu, masika tope linakula shokapu na cheni, na pikipiki ikigoma njiani nyanya zinaozea kwenye tenga. Madigadi ya kawaida iko juu, imefungwa kwenye fremu. Hii ya ndani inafungwa kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, hivyo inapanda na kushuka pamoja na tairi.

Kuchagua: nunua ya modeli ya pikipiki yako, matundu yaendane. Plastiki inayopinda kidogo ni nzuri. Bati likibonyea linasugua tairi. Halafu angalia udongo wa kwenu. Kwenye kichanga, nafasi ya vidole viwili inatosha. Kwenye mfinyanzi acha zaidi, maana tope linajaa humo na gurudumu linaweza kukwama ukiwa na mzigo.

Kufunga:
1. Osha swingamu, kaza cheni kwanza. Ukikaza cheni tairi linarudi nyuma, na nafasi inabadilika.
2. Tumia matundu yaliyopo ya kava ya cheni, au klampu. Usitoboe swingamu, utaidhoofisha.
3. Weka washa za mpira. Waya au bomba la breki lisibanwe.
4. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kisha watu wawili wakae, uone kama haigongi fremu.

Kagua nati baada ya safari ya kwanza. Na kila ukitoka kwenye tope, mwagia maji mle ndani kabla halijakauka.