Hombolo kwa Baiskeli

Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, wengi wetu tumefika hapa kwa kazi, tukaijua ofisi bila kuijua nchi. Baiskeli yaweza kuondoa kasoro hiyo.

Chagua Jumapili moja kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Ondoka mjini kukipambazuka, ushike barabara ya Morogoro hadi Ihumwa. Kaa pembeni kabisa, maana malori hayana subira. Hapo pinda kushoto. Makelele yatabaki nyuma, nawe utaingia katika nchi ya mibuyu, mtama na zabibu. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, liko yapata kilomita 40 kutoka mjini. Hii basi si safari ya mtoto mdogo.

Upepo wa kiangazi hutoka mashariki: utakukabili uendapo, utakusukuma urudipo. Usikate tamaa mapema. Mwiba wa mgunga hauchagui tairi. Chukua pampu, viraka, gundi na spana. Beba lita nne za maji kwa kila mtu. Bwawani usioge, hata joto likizidi, kwani maji yaliyotuama huweza kuleta kichocho.

Ukiwakuta wazee kivulini, shuka, uwaamkie: "Mbukwenyi!" Kisha uulize hali ya njia. Jioni miguu itauma, lakini Jumatatu utaingia kazini ukiwa mwenyeji, si mgeni aliyehamishwa.